Kimya Kilichopigiwa Vigelegele

Mengo, Kampala
Jumatano, baada ya alasiri

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, wewe na Mama mdogo na wadogo zangu, na kwamba joto la Arua limepungua. Goti lako vipi? Shangazi Halimah anasema unalipaka mafuta ya kondoo na kuyasifia, ila hospitali hutaki kwenda. Mimi sijambo. Nakula, nalala, nakwenda kazini. Nyumba ya marehemu Bibi haivuji tena, lakini paka wake amehamia kwa jirani.

Usishangae kupata karatasi wakati simu zipo. Wewe ukipigiwa simu unaiweka sauti ya juu hapo dukani, na wateja wote wanaitikia salamu. Haya ninayotaka kusema si ya wateja, ndiyo maana nimempa Wanjala, dereva wa lori la mchele, akukabidhi mkononi. Ni kuhusu ndoa yangu na Zuhair, ambayo nasikia umeshaipangia siku baada ya Idi.

Nianze na Darlène. Humjui. Alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, Mkongomani, akiishi Kasubi na mama yake mdogo Hortense anayeuza vitenge. Unajua nafanya kazi kwenye kliniki ya vijana, ingawa hukuwahi kuuliza vijana gani. Wote wamezaliwa na virusi vya UKIMWI. Jumamosi tunakaa nao, wanacheza ludo, wanazozana kuhusu mpira, halafu tunazungumza mambo ya dawa: namna ya kuweka pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie mkobani, na la kumjibu mwenzako wa bwenini akiuliza unameza nini. Nikiwatembelea nyumbani sivai kitambulisho. Kwa Hortense nilikuwa mteja, na majirani walidhani napenda vitenge kupita kiasi.

Darlène aliacha dawa. Hakuna aliyemkataza, si mchungaji wala mganga. Nilipomuuliza alisema amechoka tu, anataka kujua maisha ya mtu asiye na saa ya kumeza kitu. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikampelekea chapati. Chapati alikula. Alipokubali kurudia dawa kifua kilikuwa kimeshaharibika, na mwezi uliopita akafariki. Nilipofika kwake nilimkuta Hortense anakunja vitenge, kimoja baada ya kingine, na kila aliyempa pole alimjibu kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Njo vile," yaani ndivyo ilivyo, basi.

Nilikwenda kuzika. Nikateka maji, nikaosha masufuria, nikarudi Mengo. Sikulia, Baba, na sijalia hadi leo. Moyo wangu ni kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno. Najua ni wangu, ila siuhisi.

Siku hiyohiyo nilimkuta Shangazi Halimah sebuleni na wanawake wawili wa upande wa Zuhair, na sinia ya haluwa. Viatu vyangu bado vilikuwa na udongo wa makaburini. Shangazi akaniambia Zuhair ameleta posa, wewe umeridhia, na sasa ananiuliza mimi mwenyewe nasemaje. Nikaangalia viatu. Akauliza tena. Nilisikia kila neno, lakini hata angeniuliza jina langu nisingepata jibu. Unajua kwetu mwari akiulizwa akanyamaza amekubali, eti ni haya tu inayomziba mdomo. Basi vigelegele vikapigwa, haluwa ikakatwa, na Shangazi akakupigia simu. Nasikia dukani kwako watu walipiga makofi.

Baba, ile haikuwa haya, wala haikuwa kukubali. Mimi sikuwepo pale.

Zuhair simchukii. Ana adabu na anacheka taratibu. Pengine ningeulizwa siku nyingine ningesema ndiyo. Lakini kuna jambo yeye halijui na wewe hulijui, na mimi sitaingia nyumbani kwa mtu nikificha kopo lenye pamba.

Mama alipokufa, Bibi alikuambia kwamba nimepimwa kama wewe na nimeonekana mzima kama wewe. Ulisujudu palepale uani. Nakumbuka vumbi kwenye paji la uso wako. Bibi alikudanganya, Mungu amrehemu. Aliogopa ukijua hutarudi tena kunitazama, na nilipokua akaniapisha nisiseme. Nilizaliwa na virusi, Baba. Vijana wale si kazi yangu tu, ni wenzangu. Ile dawa ya pumu uliyokuwa ukinikumbusha kumeza kila ulipokuja, ndiyo hiyo. Sina pumu. Daktari anasema virusi vyangu vimelala kiasi kwamba kipimo hakivioni, na nikiendelea na dawa naweza kuolewa nisimwambukize mume, nikazaa watoto wazima. Kwa hiyo usinililie.

Nilidhani nikiandika mistari hiyo machozi yatakuja. Hayakuja.

Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, nitamwita Zuhair hapa nyumbani, Shangazi akiwepo, nimwambie kwa kinywa changu. Akiondoka, aondoke. Akibaki, nataka niulizwe upya, na safari hii nitajibu. Nakuomba uje ukae kando yangu. Kama huwezi, niandikie neno moja, hata liwe la hasira. Wanjala anarudi Kampala Jumatatu, na amesema yuko tayari kusubiri hapo dukani hadi umalize kuandika.

Nisalimie sana Mama mdogo. Wadogo zangu wabusu, na yule mdogo mwambie penseli zake za rangi ziko ndani ya mfuko wa Wanjala. Goti lipeleke hospitali, nakuomba.

Nangoja jibu lako, Baba. Ila ukinyamaza, nitafuata desturi yetu: nitahesabu kwamba umekubali.

Mwanao,
Mwanawetu