Nyota zimeacha mistari kwenye foto

Nyota zimetembea kwenye foto ya baba yako, mujukuu wangu! Salamu zimechelewa kwa furaha. Hapa Kasongo tuko wazima.

Kamera yake ileile ya kupigia foto za harusi aliiweka usiku juu ya kinu, akaiacha wazi saa nzima ikitazama juu. Foto ikatoka, kila nyota ni mustari! Nikafoka, “Umeharibu filme!” Akacheka, “Hapana, mama, ndivyo zinavyohama.”

Uliniuliza kwa nini kwangu mutoto hapigwi kwa kusema uongo. Nilipokuwa mudogo nilisema nyota imehama kutoka muchikichi huu hadi ule. Dada yangu mukubwa akapiga kelele, “Muongo huyo!” Nikachapwa.

Sasa mwanangu amenitetea kwa foto yake. Nani mwingine amezaa mutu kama huyo? Dada anatoka kule Wamaza aje kuiona kwa macho yake. Ndugu wote wanafika Ijumaa, baada ya swala, nawe uje.