Walionizibia Mapengo Shambani

Karibu na Mvumi, Dodoma
Mwezi wa pili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla hujauliza: nimepona, nakula, na sijakonda kiasi hicho unachokiwaza. Habari za hapo Lushoto? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukipanda kule shamba la juu? Zawadi wangu anaendeleaje, bado anakataa maharage? Na wewe Rehema, mdogo wangu unayemsomea mama, ukifika mahali nimekasirika usipunguze sauti. Soma kama nilivyoandika, maana nimekasirika kweli.

Mama, watu wa huku wataniua kwa wema.

Unakumbuka kazi iliyonileta. Wakubwa wa utafiti wamepata mbegu mpya ya mtama, wanasema inakomaa upesi kabla mvua haijakatika. Huku mvua ni msimu mmoja tu kwa mwaka, ukiukosa umeukosa. Kazi yangu ni kuipanda kando ya mtama wa wenyeji, mstari wa mpya, mstari wa kienyeji, nione ipi inaota vizuri kwenye udongo huu ambao ukipigwa jua baada ya mvua unakuwa mgumu kama sakafu. Jaribio likiisha, uhamisho wangu wa Tanga unasainiwa na ninakuja kumchukua mwanangu aanze shule akiwa na mimi. Ndivyo alivyoniahidi Bwana Mkuu wangu wa kazi, na ndivyo nilivyokuahidi wewe.

Basi mbegu zikaota. Nikiwa najiandaa kuhesabu miche, malaria ikanilaza chini. Walinipeleka hospitali ya misheni kwa baiskeli, nimefungwa khanga kiunoni pamoja na mwendesha baiskeli nisije nikadondoka njiani. Ungeniona ungecheka. Mimi sikucheka.

Sasa huku, mtu akiugua, shamba lake haliachwi. Majirani wanabeba majembe wanaingia, hawaulizi na hawangoji shukrani. Na mtama una kazi yake: palipoota kwa wingi unang'oa miche, palipo na pengo unaipandikiza udongo ungali na maji. Kila mwanamke wa hapa anaijua kazi hiyo tangu utotoni. Akaongoza msafara Mama Ndahani, mwenye nyumba wangu, yule niliyekwambia ana sauti ya kuita ng'ombe.

Nimerudi nakuta shamba limejaa, mistari imenyooka, hakuna pengo hata moja.

"Umeona?" akaniuliza, uso wote unang'aa. "Mistari yako mingine ilikuwa na mapengo kama mdomo wa bibi yangu. Tukaona aibu kwa niaba yako."

"Mmeyaziba kwa miche gani?"

"Ya mstari wa pembeni. Ilikuwa imesongamana bure."

"Mama Ndahani! Hayo mapengo ndiyo niliyotaka kuyahesabu!"

Akanitazama, akanigusa paji la uso. "Homa bado haijaisha," akawaambia wenzake. "Mleteeni uji."

Nikanywa uji, mama. Ningefanya nini? Nilikaa chini palepale shambani nikalia, na wao wakanifariji kwa kuniambia mtama wangu umependeza. Mtama ukiwa mdogo huwezi kujua huu ni mpya na huu ni wa kienyeji. Jioni ile redio ya Mama Ndahani ikatangaza kwamba wataalamu huko ng'ambo wameona nyota ya mbali mno, mwanga wake ulianza safari kabla binadamu hajakuwepo. Nikasema, hongereni sana. Mimi nina miche miwili imesimama mbele ya pua yangu na sijui upi ni mtoto wa nani. Akafuata bwana mwingine kutueleza soko huria, kwamba mkulima sasa atauza popote apendapo. Atauza nini, kama hakikuota?

Kabla sijaugua nilikuwa nimeona kwa macho kwamba mapengo mengi yalikuwa kwenye mistari ya mbegu mpya. Lakini sikuwa nimehesabu, na sasa hakuna cha kuhesabu.

Bwana Mkuu akaja na gari la mradi. Kushuka tu, akashika kiuno. "Zubeda! Hii mbegu ni kiboko!" Akaanza kupiga picha za kuwaonyesha wafadhili. "Andika ripoti yako, dada. Mwezi ujao uko kwenu."

Nikamjibu, "Asante."

Nakwambia ukweli, mama, nilitaka kunyamaza. Ofisini wanapunguza watu kila siku, na huyu mtu ananiambia niende nyumbani. Moyoni nilishamwona Zawadi ananikimbilia pale kituoni. Nani angejua?

Ndipo Mama Ndahani akasogea, amejifunga khanga yake mpya kwa ajili ya picha. "Hii mbegu mpya na mimi nitapewa?" akamuuliza Bwana Mkuu. "Nataka msimu ujao nipande shamba langu zima. Ile yangu ya zamani nitaitwanga yote, tule."

Bwana Mkuu akacheka, akamwambia atakuwa wa kwanza kupewa.

Mama, yule mwanamke ana wajukuu watano ndani. Nikaona shamba lake lote likiwa mapengo matupu na ghala lake halina hata punje ya kurudia. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema yote, nikiwa nimekasirika, nikimnyooshea kidole Mama Ndahani kana kwamba ameniibia.

Bwana Mkuu akavua miwani. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wanawake wote wa kijiji."

"Ungenyamaza tu, dada."

"Najua."

Akafuta miwani muda mrefu. Sitamsema vibaya, maana hakunifukuza. "Basi utarudia," akasema. "Mvua ijayo. Uhamisho utangoja."

Mvua ijayo, mama! Hiyo ni mwaka mzima. Na unajua wanawake walifanya nini waliposikia sitaondoka? Walipiga vigelegele! Mama Ndahani akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akaniambia mwakani watanisaidia zaidi. Nimewaapia kwamba atakayegusa pengo langu nitamkimbiza na jembe. Wakazidi kucheka.

Nimechoka nao, nimechoka na vumbi, nimechoka na mlenda kila siku ya Mungu. Na ninakukumbuka mpaka naumwa.

Najua utanilaumu, na una haki. Lakini nakuomba usimwambie Zawadi kwamba mama yake anakuja karibuni. Aanze shule hapohapo kwako, na wewe Rehema umpeleke siku ya kwanza, umshike mkono mpaka mlangoni. Akilia usimkaripie.

Nisalimieni Mjomba mchonga mizinga, mwambieni asali yake ndiyo iliyonirudishia nguvu. Shangazi wa kule bondeni naye shikamoo yake, na mama mkwe wangu mumwambie sijamsahau, ingawa yeye anasema nimemsahau.

Mnadani kumejaa viatu vya mtumba siku hizi, vizuri kabisa. Juzi nilisimama mbele ya jozi nyekundu ya kitoto, muuzaji ananiuliza namba, nami sikujua namba ya mguu wa mwanangu. Nikaondoka nimeinamisha kichwa. Msimamisheni Zawadi juu ya karatasi, mchore unyayo wake, mnitumie. Mchoro ukifika nitaongeza upana wa kidole kwa mbele, kwa ajili ya huu mwaka wa kungoja.

Ni mimi binti yako,
Zubeda