Wimbo Wako Si Shamba, Mama Mkubwa

Mama Mkubwa wangu,

Shikamoo. Nakuamkia ingawa marahaba yako sitaisikia tena. Nina hasira na wewe, na sijui hasira ya mtu aliyezikwa hupelekwa wapi.

Unakumbuka siku uliyoteremka kutoka Matombo na tenga la mananasi, ukanikuta mjini Morogoro kwenye kituo cha msaada wa sheria kwa wasanii? Nilikuwa nafanya fildi ya chuo. Kazi yetu ilikuwa kuwasikiliza wachoraji walioibiwa picha na wanabendi waliosaini mikataba wasiyoisoma. Ukaicheka suti yangu, ukagawa mananasi ofisi nzima, ndipo ukanong'ona kwamba kuna kijana anaimba wimbo wako redioni.

Nilijua ni wako. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwepo wimbo huo ukizaliwa. Anjela, binti yako, alikuwa karibu kutolewa mwali, naye alikuwa akilia ndani kwa ajili ya mguu wake. Aliona haya kuchechemea mbele za watu. Wewe ulikuwa uani unatwanga kisamvu, unajaribu maneno, unayaacha, unayarudia, mimi nimekushikia kinu. Siku alipotoka ukaimba, "Tembea hivyohivyo mwanangu, mlima haukimbiliwi." Anjela akainua kichwa. Wanawake wakaudaka palepale, na tangu hapo kila mwali kwetu alitoka nao.

Yule kijana aliunasa kwa simu kwenye sherehe moja ya Mkuyuni, akaupigia vinanda, akaugeuza wa kukatikia viuno. "Hivyohivyo" ya mguu wa Anjela ikawa ya makalio ya watu. Mpaka leo nikiusikia kwenye baa naondoka.

Nawe hukutaka makubwa. Wakili aliyekuwa ananisimamia alipokuuliza unadai nini, ulisema watu wajue tu kwamba wimbo ni wa Mama Anjela. Basi. Wala hukutaka asiuimbe.

Kijana akakubali tukae mezani na mpatanishi. Nikakufundisha kutwa nzima kwamba ukiulizwa nani katunga, useme ulivyouanza, na Anjela aje kukutolea ushahidi. Ukaniambia umeelewa. Siku yenyewe ukaja na kaka yako. Anjela hakuja, maana Mjomba alisema wanawake wawili wa nini, yeye anatosha. Sikushangaa. Kwetu Waluguru mjomba ndiye msemaji wa ukoo, na kwenye shauri la shamba hakuna anayefungua kinywa kabla yake.

Mpatanishi akauliza nani alitunga. Mjomba akakohoa, akasimama.

"Wimbo huu tumeukuta," akasema. "Bibi zetu nao waliukuta kwa bibi zao."

Akakaa, ameridhika kabisa. Masikini, alidhani anakutetea! Huko mlimani mkigombea shamba, anayeshinda ni yule ambaye ukoo wake umelikuta tangu enzi na enzi. Kwa hiyo naye akaupeleka wimbo wako nyuma kadiri alivyoweza, akidhani anauongezea nguvu. Sheria ya hakimiliki haiendi hivyo. Wimbo wa mababu hauna mtunzi, na asiye mtunzi hana jina la kudai. Yule kijana akatabasamu, akasema basi yeye ameboresha tu ngoma ya asili.

Mimi mwanafunzi nilishakatazwa kusema pale mezani. Wakili akakugeukia, akakuuliza kwa upole kama ndivyo ilivyo. Wewe ukaitazama mikono yako.

"Kaka ameshasema," ukajibu.

Yakaishia hapo. Nje nilikufokea, Mungu anisamehe, nawe ukaniuliza kama nilitaka umfanye kaka yako mwongo mbele ya watoto. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sasa wewe haki yako ilikuwa mezani, umewekewa, ukaiacha kwa heshima! Mjomba akapanda mlima akitangaza kwamba amewakomesha watu wa mjini. Na chuoni mwalimu wangu aliusifu mfano wako mbele ya darasa, eti ndivyo wimbo usio na mtunzi ulivyo. Wenzangu wakaandika. Mimi nikatoka nje.

Nilidhani nitazoea. Sijazoea. Namchukia yule kijana kidogo, lakini kinachonikereketa zaidi ni ule upole wako, na jinsi kila mtu alivyokusifia mazikoni kwamba hukuwahi kumjibu mtu.

Maana siku ya kukuzika wanawake waliuanzisha wimbo wako, na vijana wakaupokea kwa mahadhi ya redioni. Anjela alikuwa mbele akichechemea nyuma ya jeneza. Binti yake akanivuta khanga, akaniuliza, "Mama mdogo, kumbe bibi naye alikuwa anaupenda wimbo wa yule kaka?"

Kabla sijamjibu, Mjomba akaniwahi. "Huo wa zamani sana, mjukuu wangu. Hauna mwenyewe."

"Mjomba, unasema uongo," nikamwambia. "Umetungwa na huyu tunayemzika."

Kuimba kukakatika. Mjomba alilia mbele za watu, Mama Mkubwa, na wazee wameniambia nisikanyage Matombo mpaka nimwombe radhi. Siendi. Lakini yule mtoto sasa anajua.

Lala, Mama Anjela.

Ni mimi mwanao, usiyenizaa.