Tangazo la Siku ya Fainali

Dada Wakesho,

Natumaini barua hii imekukuta mzima, mguu wa Mama umepata nafuu, na mvua imewafikia huko Voi. Mwili wangu hauna ugonjwa. Haya mengine yasome ukiwa peke yako.

Unamjua Mwakio, yule ambaye mama yake anakaa nyuma ya kanisa letu. Tunafanya kazi pamoja huku ughaibuni: yeye anahudumia wazee majumbani mwao, mimi ni karani wa ofisi. Tajiri wetu ni Mkenya aliyesoma Ujerumani, tunamwita Kocha. Mwaka huu timu anayoishabikia iliingia fainali ya kombe huko Ujerumani, akatualika nyumbani kwake, mji wa jirani wa Champlin, tukaitazame kwenye runinga. Mwakio, kwa ubishi tu, akashabikia wapinzani. Wiki nzima alikuwa akimchokoza: "Kocha, andaa leso mapema. Zile za karatasi hazitakutosha."

Timu ya Mwakio ikafungwa tatu bila. Hata filimbi ya mwisho hakuingoja, akaenda zamu, na wakiwa zamu simu huzimwa. Sisi tukabaki na kicheko.

"Mwakio amekufa," Kocha akasema. "Karani, mwandikie tangazo."

Huku, Mkenya akifa, tangazo lenye picha yake hutumwa kwenye kundi letu la simu. Mwandishi ni mimi, kwa kuwa nimesoma na sikosei majina ya watu. Niliandika kwamba ameuawa na mshambuliaji namba tisa. Kocha akasoma, akatikisa kichwa.

"Toa hiyo. Utani ukijieleza si utani."

Nikaitoa. Nikaweka jina la mama yake, mahali anapotoka, na "kifo cha ghafla", kama ilivyo kawaida. Nikalihakiki mara mbili. Ningeweza kukataa, dada, lakini kibali changu cha kazi kiko kwa Kocha, na watu sita walikuwa wakinitazama huku wakicheka. Kocha mwenyewe akalirusha kundini.

Binamu yake Mwakio anayeishi Columbia Heights hakuuliza mtu. Alilituma Voi vile vile lilivyokuwa. Mama Mwakio akasomewa. Akapiga simu ya mwanawe tena na tena, haipatikani. Akaanguka pale pale mlangoni. Kwamba amepooza huenda umesikia. Chanzo chake hukukisikia.

Mwakio hawezi kuja huko. Karatasi zake hazijakamilika, akitoka harudi. Jumatatu alisimama mbele ya meza yangu. Kocha alikuwa amemwambia kwamba tangazo lilitoka kwa vijana wa Brooklyn Center, yeye alilipitisha tu.

"Karani, wewe umesoma. Mtu wa namna gani anaandika mpaka jina la mama?"

"Sijui, kaka."

"Dada yako si yuko Voi? Mwombe akamwone mama. Nikiongea naye kwa simu anageuza uso, wanasema haamini ni mimi."

"Nitamwandikia leo."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Alipotoka, Kocha akaja mlangoni. "Kijana mwenye akili," akaniambia kwa upole. "Endelea hivyo hivyo."

Kwa hiyo nenda, dada. Nimetia ndani picha ya Mwakio niliyompiga Jumatatu hiyo ofisini. Mwonyeshe, umwambie mwanawe yu hai. Usiseme nani aliandika, kwake wala kwa mtu yeyote. Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata padri: nilipopata habari kwamba mama huyo hawezi kusema, kitu cha kwanza nilichohisi ni nafuu. Hataweza kuuliza.

Msalimie Mama, na shemeji, na mjomba fundi baiskeli. Bibi mwambie nakula vizuri na ninavaa koti. Ukitoka kwa Mama Mwakio, niandikie kama alikutazama usoni.

Ni mimi mdogo wako,
Mghanga