Mama Ameanza Kukata Majani Tena

Kidia, Old Moshi
14 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa Elimringi,

Shikamoo. Habari za Songea? Wifi Rachel na watoto hawajambo? Kifua cha Doris kimepona? Sisi huku tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Baridi imeanza kupungua na kahawa imeiva kiasi, ingawa wadudu wamechukua sehemu yao bila kuomba ruhusa.

Nimeona nikuandikie kwa sababu simu zangu hupokei tangu mama alipoanguka Februari. Sikulaumu. Hata mimi, ningekuwa mbali hivyo, ningekasirika.

Sijawahi kukueleza vizuri ilivyokuwa. Asubuhi ile nilimpa mama vidonge vyake vya kisukari, vyote viwili, kisha nikamwambia tukakate majani kwanza, uji atakunywa tukirudi. Unajua kwetu ng'ombe hula kabla ya watu. Tulipofika bondeni alianza kutetemeka, jasho likamtoka, akaanguka mundu ukiwa mkononi. Kaka, nilidhani nimemuua mama.

Ukaagiza asiguse kazi tena, nasi tukatii. Ng'ombe wakala majani makavu ya mpunga kutoka Mabogini, mama akakalishwa barazani na blanketi lake. Tulijiona watoto wema kweli! Kufika Julai mapaja yake yalikuwa yamenywea, kanisani anainuliwa na watu wawili, na sukari imepanda ingawa hakuruka hata kidonge kimoja.

Nikampeleka kliniki. Daktari hakunigombeza, alinieleza taratibu. Misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari ya mwilini. Ikifanya kazi huivuta kutoka kwenye damu, ikikaa bure inasinyaa na sukari inakosa pa kwenda. Dawa na kazi husaidiana. Ila kimoja kati ya vidonge vile hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu, na ukiongeza kazi ngumu juu yake inashuka mno. Kosa letu lilikuwa kumtoa na njaa. Hicho kidonge amempunguzia.

Nikauliza na kuhusu kile kingine, maana shemeji yako Hosea amesoma kwenye simu kwamba kinazuia misuli kupata nguvu, na ukimjua Hosea, alishaanza kuhubiri. Daktari akacheka. Akasema wataalamu bado wanalichunguza, huenda kwa baadhi ya watu kinapunguza kidogo faida ya mazoezi, lakini mama asiache dawa wala asiache kujishughulisha.

Sasa niungame. Tangu Agosti mama anakata majani. Anakula kwanza, kiburu cha ndizi na maharage au uji, ndipo tunatoka. Mzigo wake ni mdogo, na mfukoni nina pipi. Jumapili iliyopita alisimama wimbo mzima bila kushikwa na mtu. Nililia, nikasingizia mafua.

Nasikia Krismasi unakuja kumchukua akapumzike kwako. Nyumba yako ni nzuri, kaka, lakini atafanya nini humo? Mwenyewe anasema, "Mwambie Elimringi mimi si vikombe vya wageni, vya kufungiwa kabatini." Naogopa sana. Ukimkalisha tena, safari hii hatainuka.

Msalimie sana wifi, Doris na Yoramu. Shangazi Magdalena anakusalimu na anauliza kama huko mnapata ndizi za maana. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake.

Ndani ya bahasha utakuta jani la isale. Nimelichuma mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikalifunga fundo kwa mkono wangu. Umekulia hapa, unajua anayeletewa isale hakatai kusamehe. Mama hajui kwamba nimeliweka, wala si la kumwombea yeye, kwa kuwa hana kosa. Ni langu mimi niliyemtoa na njaa. Nisamehe mimi, kaka, usimwadhibu yeye kwa kumpumzisha.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Eunike