Mdomo Wangu na Msafara wa Newala

Baba Yohana,

Wametoka saa mbili, baada tu ya misa ya kwanza, na sasa jua limeshafika utosini. Kwa hesabu yangu Chiungutwa wamekwisha iacha nyuma, wameingia porini. Mikono yangu haitulii. Nimechambua mchele ambao sipiki leo, nimefagia uwanja mara mbili, mwisho nikaona heri nichukue penseli nikae na wewe. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la pili, lakini yule bibi wa misheni alisema kwa kinywa chake kwamba hapakuwa na msichana Masasi nzima aliyeipatia herufi M kama mimi. Kwa hiyo soma, usicheke.

Tangu kifua kilipokuchukua mvua mbili zimepita, na mengi yamekupita. Kubwa ni hili: mwanao ni mwalimu. Mwalimu Yohana! Wamempa shule kule juu, karibu na Newala, darasa la kwanza, watoto wamejaa mpaka wengine wanasomea dirishani. Siku alipovaa kaptula nyeupe na soksi ndefu nilimpitisha njia ya sokoni makusudi, ingawa kanisa liko upande mwingine. Nilitaka waone. Wakaona.

Lakini njia ya Newala si ile uliyoiacha. Baada ya Chiungutwa, kabla ya kuanza mlima, ameingia Mwenye Pori. Jina lake siliandiki, hata kwenye karatasi silitaki. Amechukua watu wawili, wote walikuwa peke yao, wote jua likianza kuinama. Wako wanaosema si wa pori, ni wa kutumwa, yuko mtu anamfuga. Mimi ni Mkristo, nanyamaza. Ila mlango naufunga mapema.

Ndipo walimu wa kule juu wakafanya msafara. Jumamosi wanashuka pamoja kuja nyumbani, Jumapili wanapanda pamoja, baiskeli tano, na mwanao akawa wa sita. Wanakwenda mbio, Baba Yohana. Siyo mbio za kujionyesha. Lazima wavuke pori jua likiwa juu, na akisimama mmoja wamesimama wote.

Anayewaongoza ni Komba, yule Mngoni mganga msaidizi wa zahanati ya kule juu, mtani wetu. Siku ya matanga yako aliingia akaikalia baiskeli yako, akapiga kengele katikati ya kilio, akasema, "Marehemu alikuwa anajikongoja tu, sasa chombo kimepata mwenyewe!" Hakushuka mpaka nilipomtolea jogoo. Nilicheka machozi yakiwa mashavuni. Ndivyo watani walivyo, wanakushika usidondoke kwa kukusukuma.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea, na nataka ulisikie kwangu, lisikufikie kwa watu.

Jumamosi ya juma lililopita Komba alikuja na wenzake kuikagua baiskeli ya Yohana. Alibonyeza matairi, akavuta mnyororo, kisha akamtazama mtoto mwenyewe kuanzia soksi kwenda juu. Akasema, "Shemeji, umemlisha nini huyu? Huyu si mwalimu, ni gunia la mihogo limevaa soksi." Wote wakacheka. Na mimi, Baba Yohana, unanijua. Niliweka mikono kiunoni. Nikamwambia, "Gunia? Huyu ni mtoto wa Baba Yohana, aliyekuwa akipeleka barua za misheni Newala na kurudi watu bado wanatafuta viatu! Mwendo uko kwenye damu. Mwekeni mbele, nyie Wangoni mle vumbi mpaka juu."

Komba akapiga makofi. "Umesema wewe, shemeji. Mbele atakaa."

Yohana alinitazama. "Mama," akasema, basi. Neno moja. Nililiona jicho lake nikalipita. Kwa mtani neno halirudishwi. Ukilirudisha umeshindwa, na mimi sijashindwa na Mngoni tangu nizaliwe.

Na ukweli ninao. Mtoto wako hana mbio zako. Ukimtuma chumvi ulikuwa unaweza kusonga ugali, ukala, ukaosha na sufuria, hajarudi. Ana mwendo wake, wa taratibu, na hauachi. Wewe ulikuwa unaniambia, "Mwache, atafika." Mimi sikuweza kumwacha. Nilitaka afike wa kwanza.

Jumapili ile wakamweka mbele kama nilivyoagiza. Upepo wa kusi mwezi huu unatoka kule kule wanakoelekea, unampiga wa mbele kifuani kama mlango. Hajazoea. Akakanyaga kwa nguvu zote asiniaibishe, na kabla hata ya Chiungutwa miguu ikawa maji. Akarudi nyuma, mmoja mmoja wakampita. Penye mchanga akaachwa hatua kumi, kisha ishirini. Chiungutwa walisimama kunywa maji, Komba akamuuliza, "Vipi mwalimu, mzima?" Akajibu, "Mzima kabisa. Nyie tangulieni, nafunga vizuri mzigo kwenye keria, nitawafikia."

Mzigo ulikuwa umefungwa. Niliufunga mimi, kwa kamba mbili.

Wakamwamini. Kwa nini wasimwamini? Mama yake si ndiye aliyesema mwendo uko kwenye damu? Wakaondoka.

Haya yote niliyajua baadaye. Siku ile nilichokijua ni hiki. Jioni lori la mihogo liliingia kutoka Newala, na utingo wake alikuwa akisimulia pale sokoni huku anatafuna muwa: "Tumepishana na baiskeli tano zinakwenda kama nyuki. Halafu nyuma huko, mbali sana, mmoja anakokota yake kwa miguu, porini katikati, jua limeshainama." Nilimuuliza, "Amevaa nini?" Akasema, "Soksi ndefu nyeupe, mama." Muwa ukaendelea.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani.

Jumatatu nilijifunga kanga nikatembea mpaka Chiungutwa. Wewe unajua ni mwendo gani. Niliuliza kila nyumba iliyo karibu na barabara. Mzee mmoja akasema, "Tulimwona akitoka peke yake, mama. Kurudi hatukumwona." Nikasimama pale nyumba zinapoishia, njia inapoingia kwenye miti. Nilitaka kuingia. Nakwambia kweli yote leo: mama yake nilisimama pale nikaogopa, nikageuka nikarudi. Juma zima sikupata neno. Nilikuwa naamka, nasikia kengele ya shule yetu hapa, nasema moyoni, ikiwa yu hai sasa hivi anaita majina. Ikiwa hayupo, wale watoto wamekaa wanangoja.

Jana, Jumamosi, nilikuwa barabarani tangu umande haujakauka. Walipotokea kule kwenye mteremko ilikuwa vumbi tupu. Nikahesabu. Komba mbele, namjua kwa kofia. Mmoja nyuma yake kushoto. Wawili. Mmoja wa mwisho. Watano. Nikahesabu tena. Watano. Nikakaa chini pale pale kwenye changarawe. Ndipo Komba akapinda kukwepa shimo, na nyuma yake, ndani ya vumbi, kama kifaranga nyuma ya mama, mtoto wangu akatokea.

Nilimkamata nikamshika kichwa kama anayekagua embe. Hajaharibika popote.

Walimrudia, Baba Yohana. Komba aligeuka katikati ya pori, akaona nyuma hakuna mtu, akageuza wote watano. Walimkuta anakokota baiskeli mchangani, anapiga kengele bila kupumzika na kupiga kelele, "A! E! I! O! U! Semeni tena! Ba! Be! Bi!" Anaifundisha miti. Aliniambia alikuwa na sababu, kwamba akinyamaza atakaa chini, na akikaa chini hatainuka.

Nilicheka aliponisimulia hilo. Komba hakucheka. Alinivuta pembeni, na pale hakuniita shemeji. Akasema, "Mama Yohana, tulipomkuta nilipita nyuma yake kidogo, nikaitazama alama ya tairi lake. Nyayo zilikuwa juu ya alama." Nikauliza, "Nyayo za nani?" Akanionyesha upana wake kwa viganja viwili. Juu ya alama, Baba Yohana. Siyo chini. Maana yake aliyeziweka alipita baada ya mtoto wetu, akimfuata.

Kisha akasema, "Ungesema ni mzito, tungemweka katikati. Ulisema ana mbio, tukamwacha."

Nilimwambia Yohana basi, ualimu aache, arudi tulime, korosho zetu zinatosha. Akanijibu kwa upole wako ule ule unaoniudhi: "Mama, keshokutwa wakiingia darasani wasinikute, wataondoka, na hawatarudi tena." Nikasema, "Na wewe je, usiporudi?" Akasema, "Nifundisheni kwenda, ndipo nitarudi."

Basi jana hiyo hiyo, alasiri yote, Komba na wenzake walimfundisha, ile njia ya kupitia kanisani, na mimi nimekaa kwenye jiwe natazama. Nimeyashika yote, wewe unajua sikosi kitu nikisikiliza. Mzito anakaa wa tatu au wa nne, hapo upepo umekwisha vunjwa na migongo ya wenzake. Akae karibu na tairi la mwenzake wa mbele, umbali wa mkono mmoja, asiliguse, maana matairi yakigusana anayeanguka ni wa nyuma. Asitazame tairi, atazame mabega ya mwenzake. Mabega husema kabla breki haijashikwa. Wa mbele akinyoosha mkono kushoto pana shimo, akiupunga chini panakuja mchanga. Zamu ya mbele ikimfikia akae pumzi chache tu, atoke kabla hajachoka, siyo baada. Ale kabla njaa haijamwambia. Na lililo kubwa: akianza kuachwa apige kelele pale pale, akiwa bado na sauti, asingoje aibu ipite. "Hilo la mwisho ndilo gumu," Komba akasema, na hakumtazama Yohana. Alinitazama mimi.

Mwanzoni aliogopa kukaribia. Alikuwa anaacha nafasi ya kupita ng'ombe, upepo unaingia, anaachwa tena. Mara moja aligusa tairi akaenda chini, goti likachubuka. Niliinuka kwenye jiwe. Komba akasema, "Kaa, shemeji." Niliposikia shemeji nikakaa. Jua linakwenda kuzama alikuwa amemganda mtu mgongoni, anapumua kwa mdomo, haachwi. Hampiti mtu yeyote, hapana. Haachwi tu.

Leo asubuhi nilimchemshia ming'oko, vile viazi vya porini ulivyovipenda, na kumkaangia korosho, nikazitia kwenye mfuko wa shati ale njiani. Baada ya misa watu wote wako nje, unaijua Jumapili ya hapa, kofia na kanga mpya, kina mama wa kwaya wamejipanga. Wale watano wameshika baiskeli, wanangoja. Mama Agnesi, ambaye mwanawe ni karani na hatukosi kulisikia, akaniambia kwa sauti, "Haya Mama Yohana, leo tena simba wako wa mbio anaongoza?" Alitaja jina lile bila kufikiri. Kina mama wa kwaya wakafanya ishara ya msalaba.

Ulimi wangu ulikuwa na majibu manne, Baba Yohana. Manne, na yote matamu. Nikayameza. Nikaenda nikasimama mbele ya baiskeli zile, mbele ya mapadri na kwaya na karani na mama yake, nikasema, "Jamani, sikieni. Nilisema mwanangu ana mbio. Hana. Wangu ndiye mzito. Mwekeni katikati, na akibaki nyuma msimame."

Kuna aliyecheka, sijui nani, sikugeuka. Uso ulinichoma kana kwamba nimeinamia chungu. Mimi! Nilidhani Yohana atatazama chini. Alikuja akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mama," ingawa alikuwa amekwisha niamkia asubuhi. Nikasema marahaba, nikamnyoosha kola ya shati. Mabega yake yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Komba akapiga filimbi, wakapanda. Wa tatu. Nilimwona kwa macho yangu, wa tatu, mpaka kona.

Sasa kivuli cha ghala kimeanza kuhamia upande wa jikoni. Kama wamekwenda sawa, wameshafika chini ya mlima, wanasukuma baiskeli kwa miguu, na pale juu kuna watu. Kama hawajaenda sawa, sijui. Sitajua mpaka Jumamosi. Kila nikisikia lori naacha kuandika. Limepita moja, halikutoka upande ule.

Naogopa, Baba Yohana. Naogopa na leo, na Jumapili ijayo, na nyingine zote mpaka mtu ampate yule, au Yohana ahamishwe. Wewe ulikuwa unapanda peke yako njia ile ile na mimi nilikuwa nalala usingizi. Kumbe nilikuwa mjinga tu, au pori lilikuwa jingine.

Ualimu wake nitausifu, usinizuie hapo, hilo nitalisema mpaka sokoni. Lakini mwendo wake nimewakabidhi wenzake. Nakuahidi hivi: kila Jumapili aondokapo, mvua au jua, kwaya iwepo isiwepo, nitasimama mbele ya baiskeli zao na kulisema lile lile kwa sauti, wala sitaliona jepesi hata siku moja. Wewe huko uliko waombee migongo mipana wale watano.

Pumzika, mume wangu. Mimi nakwenda kukaa barabarani, huenda likatokea lori la kutoka juu.

Wako,
Mama Yohana