Vumbi la Njano kwenye Koti la Baba

Jumatatu, 3 Machi

Hili sijamwambia mtu: huwa nalikagua koti la baba. Kila jioni, akiingia tu kuoga. Kazi yake ni kutunza nyasi za uwanja wa mpira. Sasa hili vumbi la njano mabegani linatoka wapi? Akichelewa, akikohoa, jibu ni lile lile: "Nyasi hizi zitaniua." Mama anacheka. Mimi sicheki.

Jumatano, 5 Machi

Baiolojia. Linganisheni nyasi na msonobari! Yote mimea inayochavushwa na upepo, kasema mwalimu, lakini chavua zake, ule unga wa njano, hazifanani. Ya nyasi mviringo, kitundu kimoja. Ya msonobari ina vifuko viwili vya hewa, huku na huku.

Nilikuwa na kipande cha selotepu nilichobandika kwenye koti jana. Nikakiweka chini ya hadubini. Redio — ndivyo tunavyomwita mwenzangu wa deski, hana siri huyo — akapenyeza jicho. "We! Umefuga sungura humu? Masikio yote hayo!"

Masikio. Kila chembe ina masikio!

Misonobari hapa mjini iko barabara ya mlimani tu. Na mwanzo wa barabara ile anakaa nani? Mjane mshonaji, yule anayemwita baba "shemeji" huku mabega yakicheka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia mama. Mimi, nisiyethubutu hata kuomba chaki! Jioni baba kaingia: "Habari za hapa?" Akajibiwa na masufuria.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemfuata baba. Mlango wa mjane — kapita. Hata shingo hakugeuza! Kapanda mpaka juu, hospitali. Kliniki ya kifua. Foleni inakaa nje, kwenye mabenchi chini ya misonobari. Baba kakaa, bahasha kubwa ya eksirei magotini. Upepo ukipiga, vumbi la njano linamshukia mabegani. Anakohoa kwenye kiganja, kisha anakitazama.

Nilikimbia.

Nimerudi, nakuta mto wa mama kitandani kwangu. "Nitalala huku," kasema, basi. Anadhani ni mjane. Nani kamtia maneno? Mimi! Nikisema, namwaga siri ya baba. Nikinyamaza —

Nyayo kwenye korido. Kikohozi.

"Binti yangu, koti langu hujaliona?"

Liko mapajani, naandikia juu yake. Ukurasa nauficha ndani ya koti, koti naliweka chini ya mto wa mama — hapana, mto huo baba atauona, atajua mama kahama —